Anayezama Hapigi Kelele
Agosti shule zikifungwa, wazazi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki huwapeleka watoto kwenye mabwawa ya hoteli. Kwa baridi ya huku mlimani, kuogelea ni jambo la likizo, hivyo mtoto huingia majini akiwa mgeni. Mzazi naye huketi kando na nyama choma, simu mkononi, akidhani mwana akizama atapiga mayowe. Hapigi: mdomo ukishafunikwa na maji, hana pumzi ya kuita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Maboya ya mikononi si yaya. Mwenye mtoto mdogo na aloe naye, umbali wa kumdaka.