Hisa Njema Nayo Ina Bei Yake

Wengi wetu tukitaka kununua hisa huuliza jambo moja: kampuni hii ni imara? Ni swali la haki, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni bei.

Tazama kampuni ya simu ya Safaricom katika soko la hisa la Nairobi. Mwaka 2008 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, watu wakazigombea, wengine kwa fedha za mkopo. Mwaka uliofuata zilishuka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 zilipita shilingi 40, zaidi ya mara 20 ya faida ya mwaka ya kila hisa. Mwisho wa 2023 hazikufika 15. Kampuni haikufa. Iliendelea kupata faida na kulipa gawio. Aliyenunua kileleni aliumizwa na bei aliyoikubali mwenyewe.

Basi tufanyeje? Benjamin Graham, mwalimu mashuhuri wa wawekezaji wa Marekani, alishauri kwamba hisa zisipungue robo ya akiba yako wala zisizidi robo tatu, na kinachobaki kiwekwe katika hati fungani. Bei zikipaa mbali na faida, punguza fungu la hisa, zikianguka, liongeze.

Mbona hakusema tuuze zote? Kwa sababu ughali hautaji siku ya anguko. Desemba 1996 Alan Greenspan, mkuu wa benki kuu ya Marekani, alidokeza hadharani hofu yake juu ya bei za hisa; soko likaendelea kupanda kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliyekimbia na kila kitu alikosa faida kubwa. Lakini aliyetia akiba yake yote katika hisa za Nasdaq, soko la hisa la Marekani, Machi 2000 aliona zaidi ya robo tatu ikiyeyuka, na kipimo cha soko hilo hakikurudi kwenye kilele chake hadi 2015.

Kwa hiyo, ndugu yangu, andika mipaka yako leo, ungali na utulivu. Kila mwaka gawanya bei ya hisa kwa faida yake, ulinganishe na miaka iliyopita, kisha usogeze fungu lako kidogo kidogo. Usikope ili ununue kwa kuwa jirani amenunua, wala usiuze kwa kuwa ameuza. Akiba ni jasho lako. Ilinde kwa hesabu.