Msiba wa Nairobi si neema ya Karatu

Wapo wanaodhani kwamba Kenya ikishambuliwa, watalii watahamia kwetu. Sisi wa Ganako, hapa Karatu, Tanzania, tusijidanganye. Mgeni aliyeko Ulaya hauoni mpaka wa Namanga kati ya Kenya na Tanzania; wengi huunganisha Maasai Mara, Serengeti na Ngorongoro katika safari moja, na wakiingiwa na hofu huifuta yote. Magaidi nao hawachagui mpaka: Agosti 7, 1998 walilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam asubuhi moja. Mwaka 2013, miezi michache kabla ya magaidi kushambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha. Safari zikifutwa, wa kwanza kuumia ni mpishi wa kambi anayelipwa kwa siku, mama anayepeleka karoti na kabichi kwenye jiko la loji, na dereva aliyezoea kupanga foleni alfajiri kwenye lango la Lodoare la kuingia Ngorongoro. Kwa hiyo tuwaombee majirani amani kwa dhati, serikali zetu zitoe taarifa za kweli mapema, na kampuni zitenge akiba ya mishahara wakati wageni ni wengi. Usalama wa Kenya ni ugali wetu pia.