Kulipunguza Jua: Nani Atabeba Dhara?

Baadhi ya wazazi wametuuliza juu ya habari zinazozagaa simuni kuwa kuna watu wanataka "kulizima jua". Jua halizimwi. Linalozungumzwa ni kumwaga chembe za salfa juu kabisa angani kwa ndege, zirudishe sehemu ndogo ya mwangaza ili dunia ipoe. Fikra yenyewe imetokana na volkano: Juni 1991 mlima Pinatubo, Ufilipino, ulilipuka ukatoa mamilioni ya tani za hewa ya salfa, na joto la dunia likashuka kiasi cha nusu digrii kwa muda.

Kwa hiyo kupoa si jambo la kubishaniwa sana. Mas'ala ni madhara. Salfa hiyo hula tabaka la ozoni. Haiondoi hewa ya ukaa, basi asidi ya bahari huendelea kupanda na matumbawe yetu hayapati nafuu yake. Tena inaweza kuvuruga mvua, na hapo ndipo penye uzito kwetu, maana mkulima wa mpunga Cheju anaingoja masika. Zito zaidi, kazi hii ikishakuwa kubwa haiachwi ghafla. Ikisimama kwa vita au ukata, joto lililozuiwa miaka mingi litarudi katika miaka michache.

Wengine wanasema ni haramu kwa kuwa ni kuingilia maumbile. Hoja hiyo hatuitegemei; hata mtaro wa mafuriko huingilia maji ya mvua. Sisi tunatazama kanuni ya fiqhi kwamba dhara haliondoshwi kwa dhara mfano wake. Atakayedai dharura, tunamuuliza: njia nyepesi, ya kupunguza kuchoma mafuta na makaa, imeshamalizika? Utafiti hatuukatazi.

Na ridhaa ya nani? Mwaka 2022 kampuni changa ya Kimarekani ilirusha maputo ya salfa Mexico bila ya kibali. Januari 2023 serikali ya huko ikatangaza kupiga marufuku. Mapema 2024, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa mjini Nairobi, Uswisi ilipendekeza jopo la wataalamu, nchi za Afrika zikashikilia msimamo wa kutotumika kabisa, na pendekezo likaondolewa. Msimamo huo tunauunga mkono. Wawakilishi wetu waulizwe kama wataendelea kuushika.

Wallahu a'lam.