Lori la shaba lina karatasi, wimbo wa Lualaba hauna

Lori la shaba linalotoka Kolwezi kuelekea Kasumbalesa hubeba karatasi zake. Uzito umeandikwa, mwenye mali ameandikwa, mnunuzi ameandikwa. CEEC imepima, OCC imekagua, forodha ya DGDA imepiga muhuri.

Wimbo uliorekodiwa katika mji huo huo huondoka kwa njia nyingine. Unaruka kutoka simu hadi simu, unaingia WhatsApp, unapigwa ndani ya taksi na kwenye bar, na baada ya miezi michache watu wanaucheza bila kujua ni nani aliyeutunga. Wazee walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hilo linarudi kichwani ukisikiliza kazi mpya za wanamuziki wakaidi wa eneo hili, wale wanaorekodi bila kampuni kubwa nyuma yao: panki, hardcore, roki na makelele mengine ambayo redio nyingi haziyataki. Kazi nyingi kati ya hizo ni nzuri. Lakini fundisho kubwa zaidi kwa vijana wa Lualaba haliko katika makelele. Liko katika swali la nani anashika kazi baada ya studio kuzimwa.

Panki ilizaliwa New York na London katika miaka ya 1970, kwa vijana waliochoka kungoja ruhusa. Akodi tatu za gita zilitosha. Hardcore ikaja baadaye, ya haraka na ya hasira zaidi. Huko Washington, vijana walianzisha Dischord Records mwaka 1980, wakauza sahani zao kwa bei ya chini na kugawana faida na bendi. Hayo ndiyo yaliyofanya sauti hiyo idumu: walipiga wenyewe, wakachapisha wenyewe, wakaweka hesabu wenyewe.

Nairobi na Kampala

Afrika Mashariki imekwisha kuelewa. Mwaka 2020 Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi walitoa albamu ya Duma, neno ambalo kwa Kikikuyu linahusu giza, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ngoma zake zinatoka kwenye mashine, zinakimbia kuliko mkono wa mtu, na juu yake kuna ukelele wa koo. Si muziki wa harusi. Udhaifu wake ni kwamba unapiga kwa nguvu ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, na sikio linachoka. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema ameusikia mahali pengine.

Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alirudi mwaka 2024 na albamu *The Adversary*. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo kwa mtu asiyezoea. Ina wageni wengi, ina nafasi ya kupumua, na inamkumbuka Muthoni wa Kirima, mama wa ukoo wake aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. La maana zaidi: ilitoka chini ya Haekalu, nyumba ya muziki aliyoianzisha mwenyewe.

Bendi ya panki ya Crystal Axis, pia ya Nairobi, ina wimbo unaomhusu Mkongo moja kwa moja. Unaitwa *Leopold*, na unazungumzia mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo shamba lake. Inashangaza kidogo kwamba vijana wa Nairobi ndio waliotia historia hiyo ndani ya gita la panki, wakati watoto wa waliokatwa mikono wako upande huu.

Kampala nako kuna Rey Sapienz, mtoto wa Kongo. Albamu yake ya mwaka 2021, *Na Zala Zala*, aliyoifanya na Congo Techno Ensemble, inachanganya rapu, ngoma na mitambo. Ni kazi ya mtu aliyebeba nchi yake ndani ya kompyuta, na inafaa kusikilizwa polepole.

Kinshasa na Kitwe

Kinshasa haikulala. KOKOKO! walianza na vyombo vilivyotengenezwa kwa takataka, wakatoa *Fongola* mwaka 2019, kisha *Butu*, yaani usiku, mwaka 2024. Ya kwanza ina vumbi na chuma, ya pili imepanguswa zaidi kwa ajili ya kucheza. Anayetaka ukweli wa mtaa achukue ya kwanza. Fulu Miziki, ambao jina lao lenyewe linamaanisha muziki wa takataka, walitoa *Ngbaka* mwaka 2022. Mabomba, madebe na vipande vya mashine vinaongea humo bila kuomba radhi.

Lakini jirani wa kweli wa Kolwezi ni Kitwe, ng'ambo ya mpaka, juu ya mwamba ule ule wa shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa miji ya migodi ya Zambia walichukua gita za umeme na kuunda kile kinachoitwa leo Zamrock. Bendi ya WITCH ilijichapishia albamu yake ya kwanza, *Introduction*. Kisha bei ya shaba ikaanguka, pesa ikakauka, na ugonjwa ukawachukua wanamuziki wengi katika miaka iliyofuata. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari, aliishia kuchimba mawe ya thamani.

Sahani hizo zilitafutwa upya na wageni, zikachapwa tena Marekani na Ulaya, na Jagari akarudi jukwaani akiwa mzee. WITCH walitoa *Zango* mwaka 2023, kisha *Sogolo* mwaka 2025. *Zango* si kumbukumbu ya kusikitisha. Ina nguvu, na sauti ya mzee haijifanyi ya kijana. Jagari aliweza kurudi kwa sababu sahani zilikuwepo na jina lilikuwa juu yake. Ni wangapi wa rika lake upande wa Kolwezi na Likasi hawakuacha hata kasha moja?

Nyumbani

Katanga haikukosa muziki mkali wa kujitengenezea. Karindula ni banjo kubwa ya pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, yenye nyuzi nne, na wapigaji wake huimba kwa muda mrefu juu ya ulevi, ndoa, njaa na wakubwa. Ni panki kabla ya mtu yeyote kulileta neno hilo hapa. Rekodi yake inayojulikana zaidi duniani, *The Karindula Sessions*, ilifanywa Lubumbashi na kutolewa mwaka 2011 na Crammed Discs, kampuni ya Brussels.

Miaka karibu sitini kabla ya hapo, mwaka 1952, Hugh Tracey alifika Jadotville, Likasi ya leo, na mashine yake ya kurekodi. Alimkuta kijana wa Bunkeya, Jean-Bosco Mwenda. Wimbo *Masanga* ulichapishwa Afrika Kusini, ukasafiri, na wapiga gita wa mabara mengine bado wanajifunza vidole vya Mwenda. Kanda za Tracey ziko katika hazina ya ILAM, Makhanda (zamani Grahamstown).

Si haki kumlaumu Tracey wala Crammed. Bila mashine zao, sauti hizo zingezikwa pamoja na wenyewe. Lakini mara mbili mgeni ndiye aliyebeba mashine, na mara mbili daftari limebaki kwa mgeni. Mara ya tatu isiwe hivyo.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi zilizoshiba. Kijana wa Kasulo anayeshuka kwenye shimo kutafuta kobalti anafikiria unga wa leo, hafikirii haki za mtunzi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kijana huyo huyo anaimba, na kuna anayemrekodi, na kuna anayepata kitu kidogo mahali fulani. Kuandika jina lake hakumnyang'anyi unga. Kutoliandika ndiko kunamnyang'anya.

Wengine watasema kuimba kwa uhuru kunaleta hatari, na hapo hakuna wa kuwabishia. Mwezi wa 11 mwaka 2021, tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo ilizuia *Nini Tosali Te* ya kundi la MPR, kisha ikaachia baada ya watu kupiga kelele. Tarehe 13 Februari 2025, mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi mjini Goma. Nyimbo zake zinaendelea kuzunguka kwa sababu zilirekodiwa na jina lake limo. Mtu anaweza kunyamazishwa, lakini rekodi yenye jina ni shahidi asiyenyamaza upesi.

Basi kazi ianze kwa vitu vidogo. Kabla ya kuingia studio, iandikwe karatasi moja: nani ametunga, nani amepiga, nani amelipa, nani atashika faili. Nakala ziwekwe mahali pawili. Mtunzi ajiandikishe SOCODA, na SOCODA nayo isingoje watu wa Lualaba wapande ndege kwenda Kinshasa kuonekana. Tovuti kama Bandcamp huchukua 15% tu ya mauzo ya faili za muziki, lakini malipo yake hupitia PayPal, wakati kijana wa Kolwezi anaishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Hapo ndipo vijana wanaojua kompyuta wanaweza kusaidiana: mmoja mwenye akaunti aliye nje, daftari la wazi, hesabu kila mwezi.

Jimbo nalo haliwezi kusema halina uwezo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Katika ushuru wa madini, 25% ni ya jimbo na 15% ni ya komini, sekta na usultani. Shule, maji na barabara vitangulie, hakuna ubishi. Lakini chumba kimoja cha mazoezi huko Manika au Dilala, chenye ngoma, spika na mashine ya kurekodi, ni tone ndani ya fedha hizo. Chumba hicho hicho kingeweza kuhifadhi nakala za kila kinachorekodiwa.

Kingeweza pia kudai vya zamani. ILAM imekwisha kurudisha nakala za kanda za Tracey kwa jamii za Kenya. Hakuna sababu Bunkeya na Likasi wasiombe za kwao.

Wala umiliki wa muziki si fikira ya kigeni. Musumba, kwenye makao ya Mwant Yav huko Kapanga, ngoma za baraza si za kila mpita njia. Zina wenyewe na zina wakati wake. Kijana mwenye gita la umeme Kolwezi anastahili heshima ile ile. Shaba ya Lualaba itakwisha siku moja, kama migodi mingi ilivyokwisha. Nyimbo haziishi ardhini, na zikiandikwa leo kwa jina la waliozitunga, wajukuu watakuwa na kitu cha kudai.