Tahadhari si Siri ya Wakubwa

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Vyuo vikuu vyetu huikariri methali hii, lakini haviitendi. Huinua kuta, huajiri walinzi, huandika mpango wa dharura, kisha huufungia kabatini. Mwanafunzi, ambaye ndiye atakayekuwa bwenini janga litakapozuka, haambiwi neno. Huo si utayari, bali ni kujifariji.

Mwaka 2015 nchini Kenya na uwe mwalimu wetu. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili, wanamgambo wa Al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Onyo kwamba vyuo vikuu huenda vikashambuliwa lilikuwa limekwisha kutolewa, ilhali lango la Garissa lilibaki na walinzi wachache.

Siku 10 baadaye, mlipuko wa umeme ulisikika usiku katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi, wakidhani wamevamiwa, walikanyagana na kuruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Hapakuwa na gaidi hata mmoja. Kilichoua hapo ni hofu ya watu wasiofundishwa la kufanya.

Tarehe 30 Novemba mwaka uo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la shambulio la kuigiza. Wengi waliosikia milio ya risasi hawakujua kuwa ni maigizo. Mfanyakazi mmoja alianguka kutoka jengoni akafa, na wengine wakaumia. Zoezi lililokusudiwa kuokoa maisha likapoteza maisha.

Wapo watakaodai kwamba kuwaeleza wanafunzi mipango ya usalama ni kumpa adui siri. Hoja hiyo haina mashiko. Zamu za walinzi na zifichwe. Lakini njia ya kutokea, mahali pa kukusanyika, maana ya king'ora na nambari ya kupiga si siri. Adui huiona milango hata asipoambiwa. Anayeikosa gizani ni mwanafunzi.

Nasi tulio nje ya mipaka ya Kenya tusijione salama. Moto ulioteketeza Jengo Kuu la Makerere mnamo Septemba 2020 haukuuliza pasipoti ya mtu.

Basi, ewe mwanafunzi, uliza. Mlango wa dharura wa bweni lako uko wapi, na ufunguo wake unao nani? Zoezi la mwisho lilifanyika lini, na je, mliarifiwa? Kiongozi asiyeweza kujibu maswali haya hajajiandaa, hata kama ukuta wake unagusa mawingu. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki ya yule ambaye uhai wake ndio uliowekwa rehani.