Diski ya Kompyuta na Joto la Mpanda

Mwezi wa Oktoba hapa Mpanda hauna haja ya kuelezwa kwa mtu aliyekwisha kuuona. Mvua hazijaanza, majani yamekwisha kukauka, vumbi jekundu limetanda njiani, na bati la paa hushika jua tangu asubuhi hata ikifika alasiri chumba ni kama tanuri. Huko katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi viboko wa mto Katuma husongamana katika madimbwi ya matope yaliyosalia, mmoja akimwegemea mwenziwe, kwa kutafuta ubaridi tu. Katika majira kama hayo ndipo kompyuta ya madrasa yetu ilipotutia mashakani, na kwa kuwa barua kadhaa za wasomaji zaeleza shida iliyo kama yetu, twaona yafaa tuisimulie.

Kompyuta hiyo ni ya mezani, nayo ilipatikana kwa michango ya wazazi. Ndani yake mna majina na alama za wanafunzi za miaka mingi, mna hesabu za michango, na lililo kubwa kwetu kuliko hayo yote, mna sauti na picha za darsa za mzee mmoja aliyetufundisha sisi wenyewe tulipokuwa wadogo, naye amekwisha kufariki. Darsa hizo hazikuwako mahali pengine popote. Hilo lilikuwa kosa letu, wala hatulifichi.

Vijana wetu walikuwa wakizikatakata picha hizo jioni baada ya Isha, ili kila somo liwe peke yake. Basi kila walipofanya kazi robo saa hivi, kompyuta ilizubaa. Ukifungua jalada moja wangoja mpaka unywe kahawa. Wakiizima na kuiacha ipumzike, hurejea ilivyokuwa, kisha huzubaa tena. Tukamwita fundi, akaitazama kwa dakika chache akasema ni kirusi, na dawa yake ni moja tu, kupiga Windows upya na kuifuta diski yote. Tukamwuliza, na darsa je? Akasema, kama hamna nakala, basi.

Tungalikuwa na haraka siku ile, sauti ya mzee wetu ingalipotea. Lakini mmoja wetu alishauri tungoje mpaka kesho, na hiyo kesho akaja kijana aliyepata kusoma kwetu, ambaye sasa hutengeneza simu karibu na stesheni ya reli. Akatuamkia, akatia mkono juu ya kasha la kompyuta, akautoa upesi. Akasema, “Maalim, kabla ya kupiga Windows, hebu kwanza tulitazame joto lake.”

Ili msomaji aelewe alichokiona, hatuna budi kueleza mahali tulipokuwa tumeiweka. Kwa kuogopa vumbi na mikono ya watoto, tuliitia kasha lake ndani ya kabati, tukafunga mlango, na juu ya kasha tukatandika kitambaa cha kufuma kilicholetwa na mama mmoja wa wanafunzi, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu kufunika redio na televisheni. Kitambaa kilikuwa kizuri sana, nacho kilining’inia mpaka kikaziba matundu ya nyuma. Kijana akatia programu ndogo iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo hupatikana bure, nayo ikaonyesha kwamba diski imefika nyuzi 81 za Sentigredi. Alipofungua kasha akakuta vumbi limeshikamana kwenye feni kama sufi. Diski yenyewe ilikuwa imelala chini ya kadi ya picha, ambayo nayo ni moto mtupu inapofanya kazi ya video. Juu ya diski palikuwa na bamba la alumini la kupozea, alipolifungua, akacheka. Ule mpira laini uliowekwa baina ya bamba na diski ili upitishe joto ulikuwa bado umevikwa utando wa plastiki wa dukani. Aliyeiunganisha kompyuta hakuubandua.

Sasa twende taratibu. Diski za zamani zina sahani ndani yake, zikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na wengi wetu twaijua sauti yake. Diski hizi mpya, waziitazo SSD, hazina kitu kizungukacho. Huweka habari kwa kunasa chembe za umeme ndani ya vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Chipu za namna hiyo zilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka na wenziwe wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, watu hudhani hakuna kinachopata moto. Sivyo. Ndani yake mna chipu moja iliyo kama msimamizi wa ghala: yapokea, yapanga, yahesabu, yasahihisha makosa, na ikipewa kazi nyingi huwaka kuliko chipu zilizoweka habari zenyewe.

Walakini diski hizi si za namna moja, na hapa twaomba msomaji asikilize kabla hajatoa fedha. Iko ile ya bapa, ya inchi mbili na nusu, iliyovikwa bati au plastiki na kuunganishwa kwa waya. Hiyo ni ya SATA, na kasi yake haizidi megabaiti 550 hivi kwa nukta moja. Umeme ilao ni mdogo, na ni nadra kwake kuudhiwa na joto. Kompyuta nyingi zilizotumika Ulaya na kuuzwa madukani kwetu zina diski ya namna hii, na mwenye nayo asikubali kuuziwa bamba wala feni kwa ajili ya diski. Aiondolee kompyuta yake vumbi, yatosha.

Iko na ile ya pili, iliyo uchi kama ulimi, huchomekwa moja kwa moja katika bodi kuu. Aghalabu upana wake ni milimita 22 na urefu milimita 80, yaani haufiki upana wa vidole viwili, na urefu ni kama wa kidole cha kati. Hiyo aghalabu ndiyo NVMe. Zile za kizazi cha tatu hufikia megabaiti 3,500 kwa nukta, za kizazi cha nne 7,000, na za kizazi cha tano hupita 10,000. Kasi hiyo haiji bure. Zile kali kuliko zote zaweza kula wati 10 na zaidi zifanyapo kazi ngumu, yaani kama taa moja ya LED ya sebuleni, na joto lote hilo latoka katika kitu kilicho kama kidole.

Watengenezaji wengi huandika kwamba diski zao ni za kufanya kazi baina ya nyuzi 0 na 70. Ikizidi hapo, mahali fulani baina ya 70 na 85 kwa kadiri ilivyotengenezwa, diski hujipunguzia kasi yenyewe. Ni kama mchukuzi mwenye akili, ambaye jua likimzidi huweka gunia chini ya mwembe akapumzika. Basi kule kuzubaa kwa kompyuta yetu hakukuwa kirusi; diski ilikuwa ikijiokoa. Lakini si kila kuzubaa ni joto, na hili nalo tulijifunza: diski iliyojaa mpaka ukingoni huzubaa, na hata iliyo baridi hupunguza mwendo ukiipakia jalada kubwa mno kwa mara moja. Ndiyo maana twasema ipimwe kwanza. Mwenye Windows 11 ataona joto la diski yake ya NVMe katika mipangilio ya hifadhi, bila ya kutafuta programu nyingine.

Yuko msomaji atakayeuliza, mbona wenzetu wa nchi za baridi hawayasemi haya? Jibu ni hesabu nyepesi. Hewa haiwezi kupoza kitu mpaka kikawa baridi kuliko hewa yenyewe. Mtu aliye katika chumba cha nyuzi 20 ana nafasi ya nyuzi 50 kabla hajafika 70. Chumba chetu cha Oktoba kikiwa na nyuzi 33, nyuzi 13 zimekwisha kuliwa kabla hatujawasha kitu, na ndani ya kasha hewa ni moto zaidi ya hapo. Tukilifunga kabatini, kompyuta huivuta tena ile ile hewa iliyokwisha kuitoa.

Tena twajidanganya kwa mfano wa mtungi. Mtungi wa udongo hupoza maji hata chumbani mwenye joto, kwa sababu hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Diski haina jasho. Njia yake ni moja, joto liingie katika bamba lililoigusa sawasawa, kisha hewa ipitayo ilichukue. Ukikatika mguso, kama kwa ule utando wa plastiki, au ikisimama hewa, basi umeifunga njia yote.

Kijana wetu hakutuuzia kitu. Alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki utoke, kisha akaitoa nje penye kivuli. Akagusa chuma cha kasha kwanza, kwa kuwa umeme mdogo wa mwilini, ambao wewe huusikii, waweza kuiua chipu. Vumbi akalitoa kwa brashi ya rangi iliyo mpya na kavu, na kwa kipulizo, huku akiyazuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani kuyazungusha kwa nguvu ya upepo huharibu feni. Mle ndani akatoa na mjusi mkavu, tukastaajabu aliingia lini. Akabandua ule utando, akarudisha bamba, akaufunga ule msumari wake mdogo wa parafujo bila kuukaza kwa nguvu; na mwenye kufanya kazi hii na atandaze kitambaa cheupe chini, maana msumari huo ukianguka mchangani hauonekani tena. Karatasi yenye jina iliyobandikwa juu ya diski hakuitoa. Wengine huitoa wakidhani ni kizuizi, kumbe nyingine zimetiwa shaba ya kutandaza joto, na kuitoa huweza kuivunja dhamana ya dukani.

Kisha akatuhamisha. Kasha halimo tena kabatini. Limekaa juu ya kigoda, si sakafuni penye vumbi, na nyuma yake pana shubiri moja mpaka ukutani. Feni ya mbele yavuta hewa na ya nyuma yaitoa. Moja kati ya hizo ilikuwa imefungwa kinyume, zote mbili zikivuta ndani. Watoto tumewakataza kwa maneno, nao kwa maneno wamekatazika kuliko tulivyodhani. Jioni ile ile vijana walifanya kazi yao muda wa saa nzima, na diski haikupita nyuzi 60. Mwenye kompyuta kama hiyo hana sababu ya kutafuta ubaridi zaidi ya hapo, kwa kuwa chipu hizi hazipendi moto mkali, wala hazikuumbiwa barafu.

Hapo twamjibu kijana aliyetuandikia akiuliza kama yafaa kuitia diski katika friji usiku. La, haifai. Kitu kitokacho katika baridi kikikutana na hewa yetu hutoka umande, kama gilasi ya maji ya barafu, na umande juu ya bodi ni maangamizi. Na yule anayefungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani ndani, twamwambia kwamba yamfaa kwa siku moja ya dharura. Akiifanya desturi, vumbi lote la barabara litahamia humo.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo lagusa nyumba zenye kompyuta kongwe zilizowekwa stoo. Diski ya SSD isiyopata umeme husahau kidogo kidogo, na joto huharakisha kusahau huko. Kipimo cha JEDEC, chama cha watengenezaji wa vitu hivi, chataka diski ya matumizi ya nyumbani iliyokwisha kutumika mpaka mwisho wa umri wake iweze kuhifadhi habari mwaka mmoja bila umeme, katika nyuzi 30. Diski mpya huhifadhi muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo mtu asifadhaike. Lakini stoo ya bati hapa kwetu mchana wa Oktoba yapita nyuzi 30. Picha za arusi na sauti za wazee zisiachwe humo zikadhaniwa ziko salama.

Sisi tumekwisha kunakili darsa zote katika diski mbili za nje, moja imo madrasani, ya pili iko nyumbani kwa mmoja wa wazazi, na kila baada ya miezi mitatu huchomekwa ikasikilizwa.

Mji wetu kwa miaka mingi ulipata umeme wa mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na ndiyo sababu wengi wetu tumezoea kuogopa giza kuliko joto. Barua za kuuliza juu ya betri za akiba zimekuwa nyingi, na nafasi ya mwezi huu imekwisha. Mwezi ujao, Inshaallah, tutazijibu hizo.