Kawa Iliyopinda



Jioni moja ya muhula uliopita, baada ya sala ya Magharibi, binti yangu wa Gredi ya 4 alikumbuka kwamba kesho yake alitakiwa kupeleka darasani kitu kilichosukwa kwa mkono. Macho yake yalikwisha kujaa usingizi. Nikafanya lile tulifanyalo akina mama wengi: nilimlaza, nikaketi mimi. Nilichukua ukili uliobaki katika kapu la mama mkwe wangu, nikaushona duara juu ya duara, na ilipofika saa tano usiku kawa ndogo ilikuwa tayari, ncha yake imesimama kama inavyopasa.

Asubuhi aliondoka nayo akitabasamu. Alasiri akarudi kimya. Mwalimu aliisifu kawa ile mbele ya wanafunzi wote, kisha akamwomba awaonyeshe wenzake namna ya kuanza kusuka. Mtoto hakujua hata chane hushikwaje. "Nilisema nimesahau," akaniambia. Basi mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu uongo, kwa ukili na sindano.

Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza katika shule zetu za msingi mwaka 2019, kazi za mikono zimeingia majumbani mwetu kwa wingi. Tunalalamika, nami ni miongoni mwa walalamikaji. Ila kukata kwa makasi, kukunja karatasi na kutunga uzi katika sindano ni mafunzo ya vidole na ya subira, na havijifunzi vidole vya mtoto kwa kufanyiwa kazi na vya mama yake. Mwalimu mwenye busara huitambua kazi ya mtu mzima mara anapoitazama.

Walimu nao siwatoi lawamani. Orodha ya manila, gundi na kalamu za rangi hutufikia kwenye simu baada ya Isha, vifaa vikitakiwa asubuhi. Mama aliyebakiwa na pesa ya unga afanyeje? Wako watoto wanaobaki nyumbani siku hiyo kwa kuona haya. Na sisi tu watu wa Pwani! Vifuu vya nazi, makumbi, makuti, vipande vya leso kuukuu na simbi za ufuoni havihitaji kwenda dukani. Tuwaombe walimu wetu, kwa adabu, wavipe nafasi vitu hivi, na watujulishe mapema.

Wako pia wazazi wanaoliogopa somo lenyewe kwa sababu ya kuchora viumbe vyenye roho. Hofu hiyo ina heshima yake, lakini haimlazimu mtoto kukaa bila kazi wenzake wakichora. Utazame mlango mmoja wa kuchongwa wa Lamu, maua na minyororo iliyoshikana. Itazame kofia iliyodariziwa vyema, au hina ya bibi harusi. Mwambie mwalimu mapema kwamba wako atachora mashua, mnazi au mapambo ya namna hii. Mara nyingi huwa hakuna tatizo.

Narudi kwa binti yangu. Mama mkwe aliposikia kisa hicho hakunigombeza. Aliichukua kawa yangu, akaifumua yote, ukili wake akaurudisha kapuni, akamwita mjukuu wake aketi naye mkekani. Alimpa chane tatu kwanza, asuke kama asukavyo nywele. Siku ya kwanza ulipatikana ukili usiozidi urefu wa kidole. Kila alipokosea, bibi alisema neno moja tu: "Fumua." Mtoto alilia mara mbili. Mimi nilikatazwa kusogea.

Kazi hiyo ilichukua majuma matatu, baada ya madrasa na siku za Jumapili. Alipomaliza alimwendea mwalimu mwenyewe, bila kutumwa, akaomba nafasi ya kuonyesha kile alichosema amekisahau. Sikumuuliza alipewa alama ngapi.

Kawa yake tunafunikia tende. Imepinda, inapwaya upande mmoja na nzi hupata njia, lakini hakuna anayeruhusiwa kuiondoa mezani.